Taa ya Baiskeli: Kutoka Dainamo Hadi Sola

Enzi za utoto wangu Jilore, baiskeli ilikuwa Black Mamba: nyeusi, nzito, na keria ya chuma ya kupeleka makaa na madumu ya mnazi Malindi. Mjomba alikuwa nayo moja, na taa yake haikujua chaji. Ilitumia dainamo, chupa ndogo ya chuma iliyofungwa kando ya gurudumu. Ukiibonyeza, kichwa chake kinalalia tairi na kuzunguka nalo, kikivuma. Volti 6, wati 3, zote za miguu yako. Kwenye mteremko njia iling'aa. Ukiingia kwenye mchanga mzito, mwendo unapungua na taa inafifia papo hapo unapoihitaji. Ukisimama, giza.

Wasio na dainamo walifunga tochi kwenye usukani. Mawe, yaani betri zake, yakichoka yalianikwa juani, yakapata uhai kidogo wa kumalizia safari.

Halafu zikaja simu. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa na tochi kichwani, na simu za aina hiyo tukaziita mulika mwizi. Betri ilikaa siku kadhaa, ila stima ilikuwa mbali. Tulipeleka simu dukani, zikachajiwa kwa betri ya gari, kila moja imebandikwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe.

"Foleni ndefu leo, mjomba. Rudi jioni," mwenye duka angesema.

Sola za kulipia kidogo kidogo, kama zile ambazo M-KOPA ilianza kuuza nchini Kenya mwaka 2012, zikaleta chaji hadi nyumbani. Taa nazo zikageuka: LED ya wati 1 inashinda balbu ya dainamo ya wati 3, maana ile balbu sehemu kubwa ya nguvu yake ilipotea kwa joto.

Siku hizi vijana wanaoendesha kuelekea msitu wa Arabuko-Sokoke wanataka simu iwaonyeshe njia na kuwahesabia kilomita. Hapo ndipo betri inapokwisha. Mlaji mkubwa ni skrini inayowaka muda wote, pamoja na simu kuhangaika kutafuta mtandao usiopatikana. GPS yenyewe hupokea tu mawimbi ya setilaiti, haihitaji mtandao. Pakua ramani ukiwa nyumbani, zima data, na skrini uiwashe kwenye njia panda tu.

Na ile tabia ya kuanika tuiache. Jua lililofufua mawe ya tochi ndilo linalozeesha betri za lithiamu. Sola ikae juani, pawabanki na simu vikae kivulini.

La mwisho, usiifanye simu moja kuwa ramani na taa pia. Nunua taa yenye betri yake, uichaji kabla ya simu. Ramani ikizimika utauliza njia. Taa ikizimika, dereva wa lori hatakuona.