Biskuti za Samli

Ramadhani ikikaribia kwisha, mama hunipigia simu kutoka Gotu na swali ni lilelile: "Umepata samli?" Haulizi unga wala tende. Hivyo anajua Isiolo mjini vimejaa.

Biskuti zetu za Idd hazina siri. Unga, samli, maziwa, sukari kidogo, na katikati tende iliyopondwa na iliki. Tunazioka ndani ya sufuria iliyotandikwa mchanga, makaa chini, makaa mengine juu ya kifuniko. Samli huupaka unga usishikane sana, ndiyo maana biskuti ikifika mdomoni inavunjika yenyewe.

Halafu mama akapatikana na presha, akaambiwa apunguze mafuta. Mimi nikajifanya daktari. Idd iliyofuata nikatengeneza zangu: vijiko viwili vya mafuta ya kupikia, basi. Zikatoka ngumu kama kokoto. Nikaandaa nyingine, nikaongeza maziwa, na kwa kuwa hazikuwa na ladha nikaongeza sukari. Nikaongeza tena.

Mama alikula sita. Mama huyu ambaye zile za samli hula mbili na chai, kisha anafunga kopo! Baadaye nilisoma kwamba Marekani yalishawakuta. Mwaka 1992 Nabisco walianza kuuza SnackWell's, biskuti za mafuta kidogo au zisizo nayo kabisa, na watu wakawa wanakula nyingi kwa kuwa wameambiwa mafuta hamna. Jina hilo hata likageuka msemo wa ulaji wa namna hiyo. Kumbe nilikuwa nimefungua kiwanda changu Gotu.

Lakini si hesabu hiyo iliyoniuma. Alipomaliza ya sita alifuta mikono, akasema, "Mwanangu, hizi ni biskuti za kiangazi."

Nilinyamaza. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilitukosa kaskazini. Ng'ombe wetu waliozoea kunywa Ewaso Ng'iro waliisha mmoja mmoja, na samli ikaisha nao. Idd mbili mama alioka kwa mafuta ya msaada, wageni wakala kwa adabu. Mimi nilidhani namletea afya, kumbe nimemrudishia mwaka ule mezani.

Safari hii nilinunua samli mjini, chupa ya soda iliyojaa nusu. Bei yake sitaitaja, mama anaweza kusoma hii. Aliinusa kwanza. "Ya ng'ombe wa nani?" Sikujua. Akatikisa kichwa, akaanza kukanda.

Zilitoka ishirini. Alikula mbili, akaniletea kopo.

"Peleka kwa majirani," akasema. "Na presha nipimie kesho, si leo."