Maua ya Demani Uani Kwetu Maskati

Jamaa wapenzi, kitabu chetu hiki kila mwaka hutuletea habari za harusi, za waliozaliwa na za waliotutangulia mbele ya haki. Mimi safari hii naomba ukurasa mmoja nizungumze habari za maua, kwani nayo ni watu wa nyumbani, na baadhi yao hali zao si nzuri.

Katika vitabu nilivyosomeshea watoto kwa miaka mingi, kharifu ni wakati wa majani kugeuka rangi na kuanguka. Lakini watu wa Dhofar wakisema kharifu wanakusudia manyunyu na ukungu wa tangu mwisho wa Juni mpaka Septemba, milima inapokuwa kijani. Sisi wa Maskati manyunyu hayo hatuyapati, wala majani hayatuangukii. Ila sisi tuliotoka Unguja na Pemba tunalo jina letu la siku hizi, nalo ni demani, pale kusi inapolegea na bahari kutulia kabla ya mvua za vuli. Jina tulikuja nalo, mvua zake tukaziacha huko.

Kwa mwenye bustani hapa, mwaka huanza na demani. Mwezi wa Juni joto hupindukia digrii 40, na ule upepo mkavu wa kutoka bara, ambao wenyeji huuita gharbi, huyachoma majani yakawa kama karatasi. Mti haufi, bali hunyamaza. Ikifika mwisho wa Septemba usiku huanza kuwa na nafuu, na hapo ndipo miti inapozinduka. Jamaa zetu walioko Uingereza wanafunga bustani zao. Sisi ndio kwanza tunafungua.

Wa kwanza kuzinduka ni mwasumini. Huupogoa mwanzo wa Septemba, nikautia samadi ya mbuzi iliyokwisha kukaa, na maji nikaupa baada ya alasiri. Oktoba inapoingia matumba yanajaa. Asumini huchumwa ikali tumba, kabla jua halijatua, ikatungwa jioni, ili ifunguke juu ya nywele za mwenye kuivaa. Ukiiacha mtini mpaka asubuhi, imekwisha kupoteza weupe wake.

Mrihani nao hauna makuu. Unataka jua, na maji ya kutawadhia tunayoyakinga kwenye ndoo. Wenyeji na sisi tunauita kwa jina moja, na neno hilo limo katika Suratu Rahman, tuliyoihifadhi chuoni hata kabla hatujajua kusoma vizuri. Ukutani iko bogenvilia, ambayo Waarabu huiita jahannamiya. Wajukuu hulicheka sana jina hilo. Mimi huwaonyesha kuwa ile rangi nyekundu ni majani tu, na kwamba ua lenyewe ni kile kidude cheupe kilichomo ndani.

Mlangilangi haukukubali. Mche mmoja uliishi miaka miwili chini ya kivuli cha mwembe, ukapendeza kwa majani, ua hata moja haukutoa. Kiangazi cha tatu ukakauka. Mkadi na mkilua sinayo.

Maji yetu hutoka baharini, yakatolewa chumvi. Mtambo wa Ghubra ulianza kazi 1976, na mwaka huo huo ndio niliofika hapa, msichana wa miaka kumi na minane. Mwasumini ninaousema ulipandwa na marehemu mama. Juni 2007, kimbunga cha Gonu kilipoleta mafuriko, matope yalifika magotini hapa uani, nasi tukasema basi, umekwenda. Oktoba ile ile ukachipua kutoka shinani.

Ninalolihofia mimi ni jingine. Mama alikuwa akifunga kikuba kwa rihani, asumini na waridi, na akipata mkadi huutia. Katika harusi yetu ya mwaka jana walioweza kukifunga walikuwa wawili tu, wote wamepita miaka sabini. Mjukuu wangu wa miaka tisa akanisogelea akaniuliza, "Bibi, kikuba ni nini?" Swali zima aliliuliza kwa Kiarabu, neno la Kiswahili lilikuwa hilo moja tu.

Sikumkemea, kwani kosa si lake. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi alasiri wajukuu huja uani na vikapu. Sharti langu ni moja: anayechuma ataje kwa Kiswahili anachokichuma. Tumba, kikonyo, jani, tawi. Kisha tunakaa mkekani tunafunga. Kikuba cha kwanza cha yule binti kilifumuka kabla ya isha. Cha tatu alikwenda nacho shule, akarudi bila nacho, kwani mwalimu wake alikitaka.

Basi naombeni mawili. Kwanza, kila nyumba iwe na kopo moja la mrihani na mche mmoja wa mwasumini, hata kama mnakaa ghorofani. Roshani yenye jua la asubuhi inatosha. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kuchomeka vipandikizi, nami ninavyo vya kutosha, mwenye kutaka aje na kopo lake. Pili, mwenye mama, shangazi au bibi anayejua kufunga kikuba, akae naye Alhamisi moja, amletee na watoto.