Kauli ya Kutendana katika Hadithi za Watoto

Kila ninaposoma hadithi ya watoto inayosifu urafiki wa watu wa asili tofauti, hutazama vitenzi vyake kabla ya maadili yake. Kiswahili kimetupa kipimo chepesi: kauli ya kutendana. Kuna kusaidia, na kuna kusaidiana. Kuna kujua, na kuna kujuana. Kiambishi -an- ni herufi mbili tu, lakini ndicho kinachotenga hisani na urafiki.

Hadithi nyingi za aina hii hukwama kwenye kusaidia. Mtoto wa tajiri humwokoa mtoto wa maskini, au mtoto mgeni huletwa kijijini ili mwenyeji ajifunze upole. Mmoja hutenda, mwingine hutendewa. Msomaji mdogo hufunga kitabu akidhani kuwa urafiki haugharimu kitu.

Ndiyo maana huirudia riwaya ya Mjerumani Hans Peter Richter, Damals war es Friedrich, iliyotoka mwaka 1961. Wavulana wawili, mmoja wao Myahudi, wanazaliwa mwaka 1925 kwa kupishana wiki moja, nao wanakulia katika nyumba moja ya kupanga. Kurasa za mwanzo zimejaa kutendana: watoto wanacheza pamoja, mama zao wanaaminiana. Kisha Hitler anatwaa madaraka mwaka 1933. Baba wa msimulizi, aliyekuwa hana kazi, anajiunga na chama cha Wanazi. Mwaka 1938 msimulizi mwenyewe anafuata umati na kushiriki kuvunja vitu katika bweni la vijana wa Kiyahudi. Mwaka 1942 mabomu yanaanguka, na Friedrich anaomba hifadhi katika handaki. Waliomo wanamhurumia, lakini mwenye nyumba anamkatalia. Anafia mlangoni.

Wavulana hao hawatangaziani uadui. Kiambishi kinanyofolewa polepole, kwa woga na kwa haja ya mkate, hadi inabaki huruma isiyofungua mlango.

Tena msimulizi hana jina. Friedrich anatajwa tangu jalada. Yule aliyekuwa salama ndani ya handaki hatajwi kamwe. Mimi husoma pengo hilo kama nafasi aliyoachiwa msomaji ajiweke mwenyewe.

Wapo watakaosema kisa hiki ni kichungu mno kwa watoto. Lakini watoto wanajua mapema nani haitwi mchezoni, na kwa sababu gani. Methali isemayo akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki haikutungwa kwa ajili ya wazee peke yao.

Washairi wenzangu mnaowaandikia watoto, mkimkutanisha mtoto wa mvuvi na mtoto wa mfugaji, ulizeni kila mmoja anampa mwenzake nini, na yuko radhi kupoteza nini kwa ajili yake. Jibu likiwa la upande mmoja, mmeandika habari ya hisani. Nayo ina thamani yake, ila isipewe jina la urafiki.