Njia ya Kizimkazi na Vipando Viwili

Kutoka Mjini Unguja hadi Kizimkazi ni mwendo wa takriban kilomita 50. Msafiri hupita Tunguu, akaingia katika kivuli cha msitu wa Jozani, akafika njia panda ya Kitogani. Hapo huiacha njia ya Paje na kushika ile ya kusini, akapita Muyuni hadi kufika baharini. Njia hii tumeipita kwa pikipiki kwa zaidi ya miaka 40, kwanza tukiwa vijana tusiojua kuchoka, na sasa tukiwa babu wa wajukuu. Huko kusini anaishi dada yetu mkubwa, ambaye macho yake hayamruhusu tena kuja mjini. Kumzuru ni haki yake juu yetu. Kwa hiyo, swali la kipando gani tubaki nacho uzeeni halikuwa swali la anasa.

Pikipiki yetu ya mwisho ilipochakaa, tulipata vipando viwili vya kuchagua. Kimoja kilikuwa Vespa PX ya cc 150, iliyofumuliwa na kutengenezwa upya. Cha pili kilikuwa Honda CG ya cc 125, isiyo na pambo lolote, ila injini yake ikiunguruma kwa utulivu. Bei zake zilikaribiana, na hata uzito haukupishana sana, kila kimoja kikiwa na kilo 100 au kuzidi kidogo. Wenyewe walituruhusu kuvijaribu, Allah awajaze kheri. Tukaona mizani ya haki ni njia ileile ya Kizimkazi: Jumamosi moja kwa Vespa, na Jumamosi iliyofuata kwa Honda.

Vespa ilianza kuundwa Italia mwaka 1946 na kampuni ya Piaggio. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa vyombo vya anga ambaye hakuzipenda pikipiki za zama zake. Aliziona chafu, zisizostarehesha, na zenye magurudumu magumu kubadilishwa. Akaunda chombo ambacho mpandaji huingia kwa mbele bila kurusha mguu, injini imefunikwa kwa bati, hakuna cheni ya kurusha mafuta, na ngao pana hukinga miguu isirukiwe na matope. Bila shaka hakumfikiria mtu wa Unguja aliyevaa kanzu nyeupe akienda kuswali Ijumaa, lakini ni kana kwamba alimshonea yeye. Si ajabu kwamba chombo hiki kimekuwa sehemu ya sura ya mji wetu.

Jumamosi ya kwanza tuliondoka baada ya Alfajiri. Hadi Tunguu Vespa ilikwenda kama mtumbwi katika maji tulivu. Katika Jozani kuna matuta yaliyowekwa ili kuwalinda kima punju, wanyama ambao asili yao ni kisiwa hiki peke yake, na hapo kila mwenye chombo hulazimika kupunguza mwendo. Vespa iliyavuka bila kulalamika. Baada ya Kitogani, pale lami ilipomeguka na jiwe la matumbawe kuchomoza, mambo yalibadilika. Gurudumu la Vespa ni la inchi 10. Shimo ambalo gurudumu kubwa hulipita juu juu, gurudumu dogo hutumbukia ndani yake, na kishindo chake hupanda hadi kwenye uti wa mgongo. Aidha, injini yake imekaa upande wa kulia, hivyo mwendeshaji huhisi uzito ukimvutia upande huo kila tairi linapoyumba. Tulifika salama, alhamdulillahi, lakini viganja vyetu vilikufa ganzi.

Jumamosi ya pili ilikuwa zamu ya Honda. Aina hii ilitoka katika miaka ya 1970, na iliundwa kwa kuzingatia nchi kama zetu, ambako chombo hubebeshwa mzigo mzito na oili hucheleweshwa kubadilishwa. Gurudumu lake la mbele ni la inchi 18. Yale mashimo ya Muyuni yaliyotutesa wiki iliyotangulia yalipita chini yetu kama mikunjo ya mkeka. Petroli iliyotumika ilikuwa kidogo mno. Na kwa kuwa injini yake haichanganyiwi oili katika petroli, kama Vespa inayotaka mililita 20 kwa kila lita, haikuacha moshi nyuma yetu. Jambo hili la moshi tusilidharau. Mwenye kuwasha chombo mbele ya mlango wa msikiti na kuwaachia wenzake harufu ya oili iliyoungua anawaudhi majirani katika ibada.

Tulifika Dimbani kabla ya Adhuhuri, tukaswali katika msikiti wa kale, ambao ukuta wake wa kibla una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Jengo lenyewe limejengwa upya zaidi ya mara moja, lakini maandishi yale yamebaki, na safu bado zinapangwa mbele yake. Kwa umri wetu, tulipata faraja kukiona kitu kilichorekebishwa mara kwa mara ili kiendelee kutumika.

Kama hukumu ingekuwa ya barabara peke yake, Honda ingeshinda bila ushindani. Lakini chombo kina mwenyewe, na mwenyewe ana mwili. Kuipanda Honda kunataka mguu mmoja urushwe juu ya kiti huku mwingine ukibeba uzito wote. Goti letu la kushoto halikubali tena jambo hilo kila siku. Kuna asubuhi hukubali, na kuna asubuhi hukataa katikati ya tendo lenyewe. Katika baraza yetu wapo wazee watatu wa rika letu walioanguka na pikipiki katika miaka ya karibuni. Hakuna hata mmoja aliyeanguka akiwa katika mwendo wa kasi. Wawili walianguka wakipanda au kushuka, na wa tatu akigeuza chombo mahali penye mchanga. Mmoja wao alivunjika nyonga, na tangu siku hiyo anaswali juu ya kiti. Kijana huogopa kasi, ilhali mzee anapaswa kuogopa zaidi pale chombo kinaposimama.

Kuna jambo la pili, nalo ni mama wa nyumba hii. Kila mwezi humpeleka mwenyewe kliniki ya sukari, na kila wiki humpeleka kwenye darsa la akina mama. Kukaa upande, kama walivyozoea mama zetu, si salama kwa kipando chochote. Hata hivyo, hatari kubwa zaidi ni buibui. Katika Honda, spoki za gurudumu na cheni ziko karibu na pindo la nguo, na zikilidaka hazitoi nafasi ya kusoma hata shahada. Katika Vespa gurudumu la nyuma limefichwa ndani ya bati, na cheni haipo. Hatari haiondoki yote, lakini sehemu kubwa yake hupungua.

Tulifanya kama tulivyofunzwa: tukashauriana kwanza, kisha tukaswali istikhara. Vijana wetu walisema kwa heshima kwamba wangependa tuviache vyote viwili. Fundi wetu wa miaka mingi alisema Honda ndiyo itakayomsumbua kidogo zaidi. Mama wa nyumba alisikiliza wote, kisha akauliza swali moja: katika siku 30 za mwezi, tunakwenda Kizimkazi mara ngapi? Jibu lilikuwa mara moja, au mbili mwezi ukiwa mwepesi. Siku nyingine zote ni msikitini, sokoni, kliniki na mazikoni, safari ambazo hakuna hata moja inayofika kilomita 10, na zote ziko katika lami nzuri.

Swali hilo ndilo lililotufungua macho. Tulikuwa tukichagua kipando kwa ajili ya safari tunayoipenda, na si kwa ajili ya safari tunazozifanya. Tukaichukua Vespa, na njia ya Kizimkazi tukaiachia daladala. Hatutasema kwamba haikuuma. Mtu aliyezoea kusimama Jozani apendapo, kuzima injini na kusikiliza ndege, haoni raha kupita hapo amebanwa dirishani. Lakini dada yetu hakuwahi kuuliza tumekuja kwa chombo gani. Huuliza tu mbona tumekawia.

Kwa wazee wenzetu wanaopima jambo hili, tunausia machache. Jaribu kupanda na kushuka mara kumi, chombo kikiwa kimezimwa, kabla ya kukilipia, na ikiwa mara ya kumi ni ya mashaka, kiache. Weka vioo viwili, kwani shingo haigeuki tena kama zamani. Usiendeshe baada ya Isha, maana taa za magari hulipofua jicho la mzee kwa muda mrefu kuliko la kijana. Vaa kofia ngumu hata ukienda jirani, na kofia ya kiua iweke mfukoni hadi ufike. Soma dua ya kupanda kipando, ile iliyomo katika Surat Zukhruf, nawe uzingatie maana yake: inatukumbusha kwamba chombo hiki tumetiishiwa, na kwamba mwisho wa safari zote ni kurejea kwa Mola wetu. Na kila mwaka unapoanza, waulize watu wa nyumbani kwako kama bado unaendesha vizuri, kisha uwe tayari kulikubali jibu lao.

Mwili ni amana. Tunamuomba Allah atuwezeshe kuitunza, atujaalie kuwafikia jamaa zetu kwa njia yoyote aliyotuwekea, na atupe ujasiri wa kukabidhi ufunguo siku itakapowadia. Amin.