Mzigo Ukae Wapi?

Wahenga walinena: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndugu msomaji, ukimwona mtu akihangaika na Black Mamba yenye gunia la viazi pale Kenyatta Market, usimcheke. Mjomba hufanya kazi hiyo, nami humsaidia kila Jumamosi. Karo yangu hutoka kwenye keria hiyo.

Nimejifunza kwamba kinachomshinda mwendeshaji si kilo peke yake, bali ni mahali zilipokaa. Gunia likining'inia nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huyumba kama mlevi. Kwenye mlima, gurudumu hilo huinuka kabisa! Kwa hivyo mjomba hulisukuma gunia mpaka liguse kiti, kisha hulikaza kwa mpira wa tyubu kuukuu. Mitungi ya maji yeye huifunga chini, ubavuni mwa gurudumu, kwani mzigo wa juu huvuta baiskeli ianguke.

Tairi nazo zina mambo. Kwenye lami zinataka upepo wa kutosha. Tukiingia vichochoro vya Kibera wakati wa mvua, mjomba hupunguza kidogo ili zishike matope. Akizidisha, rimu itakata tyubu. Ziko baiskeli za ng'ambo zenye tairi nene za inchi 4, za mchanga na theluji, ambazo hujazwa upepo kidogo sana. Lakini magurudumu mazito huchosha miguu kila unapoanza mwendo.

Basi wenzangu, hata mkifunga mkoba wa vitabu, ufungeni chini na karibu. Baiskeli itawashukuru.