Mtoto Si Nguzo

Leo naomba nafasi kidogo niwaeleze habari za nguzo yangu ya kutundikia baiskeli. Wengine watasema habari hiyo ni ndogo mno, haistahili kuandikwa gazetini. Lakini nguzo hiyo imenifundisha jambo moja, nami nalijifunza kwa aibu.

Huku kwetu vijijini baiskeli ni miguu ya pili. Hupeleka mgonjwa zahanati, hubeba gunia la mahindi kwenda mashineni, na katekista huitegemea kufika vigangoni Jumapili ambazo padre hawezi kufika. Mimi ni karani wa parokia, si fundi. Lakini kwa kuwa ninazo spana chache na pampu, watu huniletea baiskeli zao Jumamosi alasiri, ofisi ikisha kufungwa, nami huzitengeneza nyumbani. Hivyo hupatikana fedha kidogo ya sabuni na madaftari.

Desturi ya kutengeneza baiskeli kila mtu aijua: huipindua, ikasimama kwa tandiko na usukani. Kwa kuziba pancha yatosha. Lakini ukitaka kunyosha rimu, au kufunga breki, au kutia grisi kwenye gololi za pedali, utainama hata mgongo ulie, na tandiko litachunika mchangani. Basi nikaona heri niwe na nguzo yenye kulabu mbili juu, za kushika bomba la juu la baiskeli, ili magurudumu yazunguke hewani, nami nifanye kazi nimesimama wima.

Nguzo ya kwanza naliichimbia uani. Ilisimama imara kabisa, lakini mchwa hawakuniomba ruhusa. Masika yalipokwisha, naliisukuma kidogo tu, ikaanguka. Chini imekuwa udongo mtupu. Tena siku za mvua uani hapafanyiki kazi. Kwa hiyo ya pili naliitia miguu: vipande viwili vya ubao vya sentimita 40 kila kimoja, vimepishana kwa mfano wa msalaba, nguzo ikasimama katikati. Sasa naliweza kuifanyia kazi barazani na kuiingiza ndani usiku. Nalijisifu sana.

Kumbe nguzo yenye kimo cha zaidi ya mita 1, juu imebeba baiskeli ya kilo 20 hivi, na chini ina miguu mifupi, haina amani. Ukigusa pedali yatikisika. Ukikaza nati yainama. Nami, badala ya kutengeneza miguu, nikamwita mwanangu wa pili, mwenye umri wa miaka 9: “Njoo ushike hapa nyuma.” Tangu siku hiyo, kila Jumamosi mtoto alishika keria, mimi nikifanya kazi. Wenzake wakicheza mpira, yeye ameshika. Mama yake aliniambia mara moja, kwa upole, “Baba watoto, mtoto si nguzo.” Nikamjibu kwamba mtoto hana budi kujifunza kazi. Lilikuwa jibu zuri, lakini halikuwa la kweli. Hakuwa akijifunza kitu. Alikuwa akishika tu.

Jumamosi moja ya Kwaresima nalikuwa nikitengeneza baiskeli ya katekista. Pedali ya kushoto ilikuwa imekwisha, yataka kutolewa. Kwa wasiojua: pedali ya kulia hufunguliwa kama nati za kawaida, kwa kuzungusha spana kushoto. Pedali ya kushoto skrubu yake imekatwa kinyume, nayo hufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Imefanywa hivyo ili isijifungue yenyewe mtu anapoendesha. Jambo hilo nalilijua vizuri, lakini jioni ilikuwa imekaribia, nikafanya haraka, nikasahau. Nikavuta spana upande usiofaa, na kumbe nakaza. Nalipoona haifunguki, nikaiegemea spana kwa uzito wangu wote. Nguzo ikapinduka.

Nguzo na baiskeli vilimwangukia mtoto. Meno ya gia yakampasua mguu, juu ya muundi. Na neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu halikuwa “Pole, mwanangu.” Nalisema kwa ukali, “Si nilikuambia ushike!” Damu yamtiririka hata vidoleni, naye akanijibu akilia, “Baba, sikuiachia.”

Wasomaji, ilikuwa kweli. Mkono wake ulikuwa bado umeshika keria.

Tulimpeleka zahanati ya misheni. Sista akaliosha jeraha, akalishona nyuzi 6, akampiga mtoto sindano ya kumkinga na pepopunda, maana vijidudu vya ugonjwa huo hukaa udongoni, na chuma kichafu huviingiza mwilini. Tuliporudi nalimbeba mgongoni, wala sikupata neno la kumwambia. Siku ya pili katekista alikwenda kigangoni kwa miguu, wala hakunilaumu.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Katika chuo cha ualimu nalifundishwa ya kuwa kitu husimama mradi mstari wa uzito wake waangukia ndani ya kitako chake. Na kitako kikiwa kipana na kizito, ni vigumu kitu hicho kupinduka. Somo hilo nalilichora ubaoni kwa chaki mbele ya wanafunzi. Lakini nyumbani kwangu, pale kitako kilipopungua, nalijaziliza kwa mikono ya mtoto. Hapo nikatambua kwamba uzito usiobebwa na kitako haupotei. Hapana budi mtu mwingine aubebe, na mara nyingi ni yule asiyeweza kukataa. Baba akinywa fedha ya pamba, binti huacha shule akauze vitumbua. Ni jambo lile lile.

Asubuhi, kabla ya kwenda Misa, nalimwita mtoto mbele ya mama yake na ndugu zake, nikamwambia, “Mwanangu, jana hukukosa. Nilikosa mimi. Nisamehe.” Wako watakaosema kwamba baba akimwomba mtoto radhi, heshima yake yapungua. Hata mimi nalikuwa na hofu hiyo. Lakini mtoto alinitazama kwa mshangao, kisha akauliza, “Baba, tutatengeneza nyingine?” Alisema “tutatengeneza.” Neno hilo lilinituliza moyo kuliko yote.

Jeraha lilipopona tukaanza. Mtoto ndiye aliyepima: alisimika kijiti uani, akafunga kamba ya sentimita 30, akazunguka nayo akachora duara la sentimita 60. Tukachimba humo shimo la kina cha sentimita 8, tukatandika nailoni. Fundi wa kuchomelea alitupatia kipande cha bomba la chuma cha sentimita 35, akakichomelea chini nondo mbili zilizopishana. Tukakisimamisha katikati ya shimo, nondo zikiwa juu ya vijiwe ili zikae ndani ya zege. Kisha tukachanganya kwa kopo la lita 5: saruji kopo 1, mchanga makopo 2, kokoto makopo 4. Tukamwaga, tukashindilia kwa kijiti, tukafunika kwa magunia, tukayanyunyizia maji kwa siku 7, maana zege likikauka upesi halipati nguvu.

Siku ya nane tulikichimbua kitako kwa mtaimbo. Uzito wake wapita kilo 50, lakini ukikisimamisha kwa ubavu, chaviringika kama gurudumu hata barazani. Nguzo yaingia ndani ya bomba na kukazwa kwa kabari. Kazi ikiisha huichomoa. Mwisho wake wa chini nimeupaka oili chafu kwa ajili ya mchwa. Sasa hata nikikaza nati kwa nguvu, nguzo yasimama, wala hapana mtu wa kuishika.

Ofisini kwetu pana picha ya Mtakatifu Yosefu akiranda ubao, na Mtoto Yesu kando yake. Baba Mtakatifu Pius XII aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi mwaka 1955, nasi huiadhimisha tarehe 1 Mei. Naliipita picha ile kila siku bila kuitazama. Sasa huitazama. Katika picha ile ubao umelala juu ya meza, Mtoto hakuubeba. Mikono yake i huru, naye atazama jinsi kazi inavyofanywa.

Mwanangu ana kovu muundini, nami huliona kila akikimbia. Jumamosi hucheza mpira kwanza, kisha huja mwenyewe, akachukua spana. Juzi alimwambia mzee mmoja, “Hapana, babu, ya kushoto hufunguliwa kinyume.” Nalicheka, nikanyamaza.

Basi, wazazi wenzangu, kazi ya nyumbani ikiyumba, kabla hujamwita mtoto aje ashike, inama kwanza utazame kitako.