Mteremko wa Mai Mahiu

Ninaendesha Toyota Aqua, haibridi ndogo iliyotumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa, kama zilivyo teksi nyingi za Nairobi. Nilisukumwa kulichukua gari hili na hofu ya bei ya petroli tu. Hamu ya kujua linavyofanya kazi ilinijia polepole, foleni baada ya foleni. Pale Waiyaki Way magari yanapokwama, injini hujizima, gari likawa linasogea kwa mota ya umeme, nami nikaanza kujiuliza umeme huo unatoka wapi ilhali sijawahi kulichomeka popote.

Sehemu yake hutoka kwenye kusimama kwangu. Katika gari la kawaida, ukikanyaga breki, mwendo ulioulipia kwa petroli hugeuka joto kwenye pedi na kupotelea hewani. Hapa mota hugeuka jenereta, ikalipunguza gari kasi huku ikichaji betri iliyo chini ya kiti cha nyuma. Ukikanyaga kwa ghafla, pedi huingia kazini na faida hiyo hupungua. Injini nayo inafuata wazo la Mwingereza James Atkinson la mwaka 1882, ambalo Toyota walilitumia katika Prius ya 1997: hukamua kazi nyingi zaidi kutoka kwa kila tone, ila nguvu zake hupungua. Inakubali unyonge huo kwa kuwa ina mwenzake wa kuisaidia gari linapoondoka.

Ukishuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, alama ya betri kwenye dashibodi hujaa upesi. Halafu? Betri iliyojaa haipokei tena. Unaweka gia kwenye B, injini inanguruma pasipo kuchoma petroli, inazungushwa tu kwa nguvu itokayo magurudumuni ili kuzuia mwendo, na malori yanakufuata nyuma. Bonde la Ufa lote linakupa mwendo wa bure nawe huna pa kuuweka. Jambo hili linanisumbua kuliko inavyostahili, labda kwa sababu mimi ni mtu wa kuweka akiba hata mifuko ya nailoni. Betri kubwa zaidi ingemeza mteremko wote, lakini uzito wake ningeubeba kila siku mjini. Nani aliyeamua kiasi gani kipotee? Naona aliamua vizuri, ingawa roho inauma.

Fundi anayesafisha vumbi kwenye tundu la feni ya betri, ubavuni mwa kiti cha nyuma, husema wapo wateja wake wenye Aqua wanaolalamika kuwa linakula mafuta. Nilimuuliza sababu. Akanijibu: mguu. Namwamini nusu. Tangu nipate gari hili nimekuwa nikiendesha hata kule nilikokuwa nikienda kwa matatu, na safari hizo sijaziingiza kwenye hesabu ya petroli ninayojisifu kuiokoa.